Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Serikali za Majimbo ya Marekani Hazifanani?

Makala yetu kuhusu majimbo ya Marekani imeleta barua nyingi, na karibu zote zinagusa jambo moja. Majimbo 50 yako chini ya katiba moja ya shirikisho, yanatawaliwa na vyama vilevile viwili, na kila moja lina gavana, bunge na mahakama zake. Imekuwaje basi jimbo moja likawa na gavana anayeteua karibu kila mkubwa serikalini, na jingine likawa na gavana asiyeweza hata kumfukuza mwanasheria wake mkuu? Tumechagua barua zinazouliza kwa undani zaidi.

Wahariri, salaam. Profesa wetu anasema tofauti hizi zinatokana na “utamaduni wa kisiasa”. Kwangu neno hili ni kama moshi, halishikiki. Ni kitu gani hasa, na kinaingiaje serikalini?
*Mwanafunzi wa chuo, mwaka wa kwanza*

Ndugu mwanafunzi, utamaduni wa kisiasa ni yale ambayo watu wa mahali fulani wanayaona ya kawaida kuhusu serikali bila hata kuulizana: serikali ipo kwa kazi gani, nani anafaa kuongoza, mwananchi wa kawaida anatarajiwa kushiriki kiasi gani, na kosa lipi la kiongozi halivumiliki. Maoni kuhusu mgombea hugeuka ndani ya wiki. Mazoea haya hurithiwa.

Kwa majimbo ya Marekani, mgawanyo unaotumika zaidi ni ule wa mwanasayansi wa siasa Daniel Elazar, aliyeutoa mwaka 1966. Alitaja tamaduni tatu. Ya kwanza ni ya kimaadili: serikali ni chombo cha kujenga manufaa ya wote, siasa ni wajibu wa kila mtu, na rushwa ni aibu kubwa. Mizizi yake ni Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali waliokaa New England, kaskazini-mashariki mwa nchi, ambao vizazi vyao vilihamia magharibi kupitia maeneo ya kaskazini hadi Wisconsin na Minnesota, wakakutana huko na wahamiaji kutoka Skandinavia. Ya pili ni ya kimaslahi: siasa ni kama soko, watu huingia kutafuta riziki na upendeleo, na serikali iwepo kwa yale tu ambayo wateja wake wanayadai. Hii ilitoka Pennsylvania, New York na New Jersey, ikaenda Ohio, Indiana na Illinois. Ya tatu ni ya kimapokeo: kazi ya serikali ni kulinda mpangilio uliopo, na uongozi ni wa familia na watu wachache wenye nafasi. Hiyo ni ya Kusini, kwenye mashamba makubwa na utumwa, na ilisambaa kuelekea Texas.

Unauliza inaingiaje serikalini. Inaingia kwa mlango wa kanuni. Watu wenye mazoea fulani hukutana kwenye mkutano wa kutunga katiba ya jimbo, huandika bunge likae siku ngapi, wabunge walipwe nini, nani ateuliwe na nani achaguliwe, na mpiga kura ajiandikishe vipi. Kisha watu wale hufa na kanuni hubaki. Kizazi kinachofuata hukulia ndani ya kanuni hizo na kuziona ndiyo hali ya kawaida ya dunia. Kwa hiyo unapotaka kuushika utamaduni kwa mkono, usianze na hotuba. Anza na kanuni.

Nimesoma kwamba bunge la Texas hukutana siku 140 tu kila baada ya miaka miwili. Jimbo lenye watu zaidi ya milioni 29 linaendeshwaje hivyo? Na nani kweli anatawala pale?
*Mwalimu wa uraia*

Mwalimu, hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865), Texas iliongozwa na gavana Edmund J. Davis wa chama cha Republican chini ya katiba ya mwaka 1869 na sheria zilizofuata, ambazo zilimpa mamlaka makubwa: kuteua maofisa hadi ngazi za chini, kuamuru kikosi cha polisi wa jimbo, kutangaza sheria ya kijeshi. Polisi hao walikuwa na askari weusi miongoni mwao, na sehemu ya kazi yao ilikuwa kuwalinda waliotoka utumwani. Davis alishindwa uchaguzi wa 1873 na aliondoka Januari 1874 baada ya kung’ang’ania. Wajumbe waliokutana mwaka 1875, wengi wao wakulima, waliandika katiba yenye nia moja: gavana wa namna ile asitokee tena. Katiba hiyo ya 1876 ndiyo inayotumika mpaka leo. Tunasema wazi kwamba ile “hofu ya serikali kubwa” inayosifiwa Texas ilizaliwa pamoja na chuki ya rangi. Anayesimulia nusu moja na kuacha nyingine hajaeleza kitu.

Tazama walivyovunjavunja madaraka. Naibu gavana, mwanasheria mkuu, mdhibiti wa fedha, kamishna wa ardhi na kamishna wa kilimo wote huchaguliwa na wananchi kila mmoja kwa kura yake, na hakuna anayewajibika kwa gavana. Tume ya Reli, ambayo siku hizi kazi yake kubwa ni mafuta na gesi, ina makamishna watatu wa kuchaguliwa. Majaji huchaguliwa kwa tiketi za vyama, na mahakama za juu kabisa ni mbili: moja ya madai, nyingine ya jinai. Wabunge hulipwa dola 600 kwa mwezi pamoja na posho ya siku za vikao. Kwa mshahara huo fundi au mwalimu hawezi kuacha kazi miezi mitano. Ndiyo maana bungeni wamejaa mawakili na wenye biashara zao.

Pesa nazo zimefungwa kamba. Mdhibiti wa fedha hutangaza makadirio ya mapato ya miaka miwili, na bunge haliwezi kupitisha bajeti inayozidi makadirio hayo isipokuwa kwa kura za wanne kati ya kila wabunge watano katika mabaraza yote mawili. Ofisa mmoja wa kuchaguliwa anaweka dari ambayo Spika na gavana hawaifikii.

Sasa jibu la swali lako la pili. Madaraka ukiyatawanya hayapotei, huenda kuokotwa na mwingine. Wa kwanza kuyaokota ni naibu gavana, anayeongoza Seneti, anayepanga wajumbe wa kamati zake, na ambaye pamoja na Spika huongoza bodi ya bajeti inayofanya kazi bunge likiwa limefungwa. Wa pili, ajabu, ni gavana mwenyewe, kwa sababu ya kalenda. Miswada mikubwa hupita siku za mwisho mwisho. Kikao kikishafungwa, gavana ana siku 20 za kukataa mswada wowote au kufuta kifungu cha matumizi, na wabunge wameshatawanyika, hakuna wa kumpinga. Mara ya mwisho bunge la Texas kubatilisha katazo la gavana ilikuwa mwaka 1979.

Kuna na suala la muda. Gavana huteua wajumbe wa mamia ya bodi na tume, lakini muhula wao kwa kawaida ni miaka sita na theluthi moja tu hubadilika kila miaka miwili. Gavana mpya huanza kazi na watu wa mwenzake. Akimaliza miaka minne ameshaweka theluthi mbili. Akikaa zaidi ya sita, bodi zote ni zake, na Texas haina ukomo wa mihula. Rick Perry alikaa tangu mwishoni mwa 2000 hadi Januari 2015. Katiba iliyokusudia gavana dhaifu ilimzaa gavana mwenye nguvu.

Je, kuna mfano wa utamaduni huo kuleta madhara yanayoonekana, au ni nadharia tu?
*Msomaji*

Upo, na ni mchungu. Usiku wa kuamkia Februari 15, 2021, baridi kali iliipiga Texas na gridi ya umeme ikaanza kuzidiwa. Waendeshaji walikata umeme kwa makusudi ili kuinusuru gridi. Walieleza baadaye kwamba walibakiza dakika 4 na sekunde 37 kabla ya gridi nzima kuanguka, jambo ambalo lingeacha jimbo gizani kwa wiki kadhaa. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246.

Fuata uzi huu taratibu. Mwaka 1935 sheria ya shirikisho iliipa serikali kuu mamlaka juu ya umeme unaovuka mipaka ya majimbo. Kampuni za Texas zikaamua kutovusha. Waya zao zikaishia ndani ya jimbo, na hadi leo karibu asilimia 90 ya matumizi ya umeme ya Texas yako kwenye gridi isiyosimamiwa kwa kawaida na wasimamizi wa shirikisho. Mazoea ya “tuachieni wenyewe” yakawa nyaya na nguzo. Mwaka 2011 baridi ilikata umeme, na ripoti ya wasimamizi wa shirikisho ikashauri mitambo ifunikwe na kulindwa dhidi ya barafu. Ushauri haukugeuzwa sharti.

Halafu yale madaraka yaliyotawanywa. Umeme uko chini ya tume inayoteuliwa na gavana. Gesi iko chini ya ile Tume ya Reli inayochaguliwa. Mitambo mingi ya umeme huendeshwa kwa gesi, na visima na mitambo ya kusukuma gesi nayo huhitaji umeme. Kulikuwa na fomu ya kujaza ili kituo cha gesi kihesabiwe kuwa cha lazima na kisikatiwe umeme. Vituo vingi havikuwa vimejaza, na hakuna chombo kimoja kilichokuwa na kazi ya kuhakikisha vimejaza. Umeme ulipokatwa, gesi ikapungua. Gesi ilipopungua, umeme ukazidi kupungua.

Upande wa pili, mji wa El Paso uko Texas vilevile, lakini umeunganishwa na gridi ya magharibi, na shirika lake la umeme lilikuwa limewekeza katika kinga ya baridi baada ya 2011. Huko waliokatikiwa na umeme walikuwa wachache na kwa muda mfupi. Jimbo ni lilelile, watu ni walewale, ila nyaya na kanuni ni tofauti. Baadaye mwaka huohuo 2021 bunge lilipitisha sheria ya kulazimisha mitambo ikingwe.

Minnesota inasifiwa kwa watu wengi kupiga kura. Ni kwa sababu wana uzalendo zaidi, au kuna siri nyingine?
*Mwanachama wa asasi ya kiraia*

Vyote viwili, ila siri inaonekana zaidi kituoni kuliko moyoni. Minnesota ilipitisha mwaka 1973 sheria ya kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura. Mtu anafika na leseni ya udereva yenye anwani yake ya sasa, anaandikishwa, anapiga kura. Kama kitambulisho kina anwani ya zamani, anaongeza ankara ya umeme au ya maji yenye anwani mpya. Na kama hana karatasi yoyote, mpiga kura aliyeandikishwa katika kituo hichohicho anaweza kula kiapo na kusaini kwamba anamjua mtu huyo na kwamba mtu huyo anaishi pale. Mtu mmoja anaweza kuwadhamini hadi watu wanane. Neno la jirani linakubaliwa kisheria kuwa uthibitisho! Kanuni kama hiyo haiwezi kuandikwa mahali ambapo watu wanaanza kwa kudhania kuwa jirani ni mwizi wa kura. Mwaka 2020 karibu asilimia 80 ya wenye haki ya kupiga kura Minnesota walipiga.

Texas, kwa kulinganisha, inataka uwe umejiandikisha siku 30 kabla. Aliyesahau kujiandikisha mpaka zikabaki wiki tatu kabla ya uchaguzi, basi tena. North Dakota imekwenda mbali zaidi ya wote: ilifuta uandikishaji mwaka 1951, na mpaka leo mtu anafika tu na kitambulisho kinachoonyesha makazi yake.

Tahadhari moja. Elimu na kipato navyo huongeza idadi ya wapiga kura, na Minnesota iko juu kwa vyote viwili. Usibebeshe kanuni ya uandikishaji mzigo wote.

Na usidhani utamaduni wa kimaadili ni wa heri tupu. Watu wanaoamini kuwa serikali ipo kuboresha jamii huweza kuamini pia kwamba ipo kumnyoosha jirani. Sheria ya shirikisho ya kutekeleza marufuku ya pombe ya mwaka 1919 ilipewa jina la mbunge kutoka Minnesota, Andrew Volstead.

Illinois magavana wanne wamefungwa jela. Tuseme utamaduni wao ni wizi?
*Mfanyabiashara*

Hapana, na tunakuomba uwe mwangalifu na sentensi za aina hiyo, ndugu yetu. Magavana waliofungwa ni Otto Kerner, Dan Walker, George Ryan na Rod Blagojevich, lakini makosa ya Walker yalihusu mambo ya benki baada ya kutoka madarakani. Kilichokuwapo Illinois ni mfumo wa kugawa kazi, na ukiuelewa utaona kwa nini watu waaminifu kabisa waliushiriki bila kuona haya.

Huko Chicago, hasa enzi za meya Richard J. Daley kati ya 1955 na 1976, mambo yalikwenda hivi. Chama kilikuwa na mtu wake katika kila eneo dogo la kupigia kura. Kazi yake ilikuwa kuzijua nyumba zote: nani anaumwa, nani hana kazi, taka za nani hazijazolewa. Alipeleka shida hizo juu na kurudi na majibu. Siku ya uchaguzi aliwatoa watu wake nyumba kwa nyumba. Yeye mwenyewe alikuwa mwajiriwa wa jiji au wa kaunti, na kura za eneo lake zikipungua, ajira yake ilikuwa mashakani. Mwananchi alipata huduma, mjumbe alipata mshahara, chama kilipata kura. Aliyeumia ni mlipa kodi aliyelipia wafanyakazi waliopatikana kwa uaminifu wa chama badala ya ujuzi, pamoja na yule asiyekuwa na mtu wa kumsemea.

Mfumo huo haukuvunjwa na mahubiri. Ulibanwa na mahakama. Kesi iliyofunguliwa mwaka 1969 ilizaa amri za shirikisho: ya 1972 ikazuia kufukuza watu kwa sababu za kisiasa, ya 1983 ikazuia kuajiri kwa sababu hizo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Illinois, ikaharamisha jambo hilo kwa ajira za kawaida za serikali nchi nzima. Chicago ilibaki chini ya uangalizi wa mahakama hadi 2014.

Desturi haikufa, ilihama. Mwaka 2020 kampuni kubwa ya umeme ya jimbo ilikubali kulipa faini ya dola milioni 200 baada ya kukiri kutoa kazi na mikataba kwa watu wa karibu wa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo ili kupata kibali chake. Kazi zilipokuwa haziwezi tena kutolewa na serikali, zikatolewa na kampuni inayoitegemea serikali. Anayepanga mageuzi popote azingatie hilo: ukifunga mlango mmoja, chunguza mara moja ni dirisha gani liko wazi.

Kusini kuna ubaguzi wa kihistoria. Je, sheria ya shirikisho inaweza kubadilisha utamaduni wa jimbo, au ni kupoteza muda?
*Wakili*

Inaweza kubadilisha mwenendo kwa kasi kubwa. Nyoyo tunaziacha. Katiba ya Mississippi ya 1890 iliweka kodi ya kura ya dola 2 na sharti kwamba mwombaji asome kifungu cha katiba, au akielewe na kukieleza akisomewa. Msajili ndiye aliyechagua kifungu na ndiye aliyeamua kama jibu limetosha. Mzungu asiyejua kusoma alipewa sentensi fupi. Mtu mweusi mwenye digrii aliweza kupewa kifungu kirefu cha kodi na kuambiwa amefeli. Kanuni haikutaja rangi popote, na haikuhitaji.

Kabla ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, asilimia 6.7 tu ya watu weusi wenye umri wa kupiga kura Mississippi walikuwa wameandikishwa. Kufikia 1967 walikuwa asilimia 59.8. Utamaduni haubadiliki katika miaka miwili. Kilichobadilika ni kwamba maofisa wa shirikisho waliweza kuandikisha watu moja kwa moja, na majimbo husika yalitakiwa kupata idhini kabla ya kugusa kanuni zao za uchaguzi. Sharti hilo la idhini liliacha kufanya kazi mwaka 2013, Mahakama Kuu ilipobatilisha vigezo vya kuamua ni maeneo gani yanayohusika.

Mabaki ya zamani hudumu kuliko watu wanavyodhani. Mississippi ilikuwa na kanuni kwamba anayegombea ugavana lazima apate wingi wa kura na pia wingi wa maeneo ya uwakilishi, la sivyo Baraza la Wawakilishi limchague. Ilitumika kweli baada ya uchaguzi wa 1999, na wapiga kura wakaja kuifuta mwaka 2020. Alabama, katiba ya 1901 iliwanyima watu wa kaunti uwezo wa kujiamulia mambo madogo, hivyo mara nyingi hata jambo la kaunti moja lililazimika kuwa marekebisho ya katiba. Ndiyo sababu katiba hiyo ilikuwa na marekebisho zaidi ya 900 kabla ya kupangwa upya mwaka 2022.

California wananchi wanatunga sheria wenyewe kwa kura. Huo si utamaduni bora kuliko yote?
*Msomaji*

Ulizaliwa kwa sababu njema. Mwaka 1911 gavana Hiram Johnson aliupitisha ili kuvunja nguvu za kampuni ya reli iliyokuwa imelishika bunge mkononi. Ukitaka sheria ya kawaida unakusanya saini sawa na asilimia 5 ya kura zilizopigwa kumchagua gavana mara ya mwisho. Ukitaka kurekebisha katiba ni asilimia 8. Katika jimbo kubwa hivyo, hizo ni saini mamia ya maelfu, na siku hizi hukusanywa na watu wanaolipwa. Chombo kilichobuniwa kuwadhibiti wenye pesa sasa kinahitaji pesa nyingi kukianzisha.

Mfano unaofundisha zaidi ni kura ya 1978 iliyoweka dari kwenye kodi ya majengo: asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Wananchi walitaka serikali ndogo iliyo karibu nao. Kaunti na shule zikapoteza mapato yao wenyewe, zikageukia Sacramento kuomba, na madaraka yakapanda kwenda makao makuu ya jimbo. Majirani wawili wenye nyumba zinazofanana wakaanza kulipa kodi tofauti kabisa kwa sababu mmoja alinunua miaka 20 kabla ya mwenzake.

Naandika tasnifu kuhusu jimbo moja. Nianzie wapi, na makosa gani niyaepuke?
*Mwanafunzi wa uzamili*

Anza na katiba ya jimbo: mwaka wake, na imerekebishwa mara ngapi. Katiba fupi huacha mambo kwa bunge. Ndefu huonyesha watu wasioliamini bunge. Kisha hesabu ni maofisa wangapi wa utendaji wanachaguliwa jimbo zima. New Jersey, kabla ya kuongeza naibu gavana mwaka 2009, ilimchagua gavana peke yake, naye akateua hadi mwanasheria mkuu. Linganisha na orodha ya Texas hapo juu.

Halafu nenda kwenye mishahara na idadi ya wabunge. New Hampshire ina wawakilishi 400 wanaolipwa dola 100 kwa mwaka, na kila mmoja anawakilisha watu wapatao 3,400. Baraza la chini la California lina watu 80 wenye mishahara inayozidi dola 100,000, kila mmoja akiwakilisha karibu nusu milioni. Malipo yote mawili huchuja nani aingie: New Hampshire utakuta wastaafu wengi, California wanasiasa wa kazi. Baada ya hapo soma kanuni za bajeti na za uandikishaji wa wapiga kura. Hotuba na kura za maoni ziache mwisho.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuzunguka duara. Mtu huandika kwamba serikali ya Texas ni dhaifu kwa kuwa utamaduni wake ni wa kimapokeo na kimaslahi. Ukimuuliza amejuaje, anajibu: kwa kuwa serikali yake ni dhaifu. Hapo hajaeleza chochote. Lazima uwe na ushahidi wa utamaduni unaosimama nje ya kile unachotaka kukieleza: mijadala ya mkutano wa katiba, historia ya wahamiaji, makanisa na vyama vya wakulima, kura za maeneo madogo.

La pili ni kuchanganya utamaduni na chama. North Dakota inaongozwa na Republican kwa wingi mkubwa, na bado inamiliki benki ya serikali, iliyoanzishwa mwaka 1919 na vuguvugu la wakulima waliochoshwa na wakopeshaji wa mbali. Fedha za jimbo huwekwa humo kwa mujibu wa sheria. Wahafidhina wa leo hawaifungi, kwa sababu wamekulia nayo.

La tatu ni kulichukua jimbo kama kitu kimoja. Kaunti za Wajerumani wa katikati ya Texas, kama zile za Fredericksburg na New Braunfels, zilikuwa na mwelekeo wao, na kaunti ya Gillespie, ulipo mji wa Fredericksburg, ilipiga kura kupinga kujitenga na Marekani mwaka 1861 wakati jimbo lilikubali. Elazar mwenyewe alichora ramani yenye mchanganyiko ndani ya majimbo, ila aliichora zaidi kwa uchunguzi na historia ya uhamiaji kuliko kwa takwimu, na watu wamehama sana tangu 1966. Itumie kupata swali la utafiti, kisha ulipime swali hilo kwenye ngazi ya kaunti, ambako rekodi za kura na za sensa zinapatikana kwa miongo mingi mfululizo.